Miaka Tisa Bila Hitilafu

Kufikia saa mbili na nusu asubuhi mtambo ulikuwa umeshazimwa mara tatu, na Mama Mita alikuwa amekatazwa kugusa chochote isipokuwa kiti.

Kukaa nako kulimshinda. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akianza zamu kwa kuzunguka chumba cha mitambo: anaweka kiganja kwenye mlango wa kabati kubwa kupima joto, anasikiliza feni, anasoma mita arobaini na mbili moja baada ya nyingine. Ndipo wenzake walipompa jina hilo. Leo kabati lilizungushiwa utepe wa njano kama mahali alipofia mtu, na juu ya meza yake kulikuwa na kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kitabu na kitaa cha kijani. Kisanduku ndicho kilichokuwa zamu.

Mambo yalikuwa wazi na kituo kizima kiliyajua. Kisanduku kikiweza kuendesha mtambo wa redio peke yake kutwa nzima, bila mkono wa mtu, mafundi sita wa zamu hawatahitajika tena. Kikishindwa, watabaki walau mpaka bajeti nyingine. Mama Mita alikuwa na miaka arobaini na tisa, mama mzazi asiyeona nyumbani, na binti aliye mwaka wa pili chuoni. Wenzake walimteua ashuhudie jaribio kwa niaba yao, naye alishuhudia akiwa wima, akienda dirishani na kurudi.

Mhandisi wa makao makuu, kijana wa miaka thelathini hivi, alikuwa ameinamia kompyuta yake, shati limemganda mgongoni. Hakuwa mtu mbaya. Alipofika alitoa shikamoo yake vizuri, akamkaribisha chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe.

"Kinasema nguvu imeshuka," alisema kama anayejisemea. "Ndiyo maana kinauzima. Kinasubiri dakika tano, kinauwasha tena. Kisanduku kinafanya kazi yake, mama. Tatizo liko kwenye mtambo."

"Mtambo hauna tatizo."

"Sasa mbona nguvu inashuka?"

Mama Mita alichukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, ambaye tangu macho yamwishe alikuwa akiishi na redio sikioni kuanzia alfajiri.

"Redio yenu imekufa tena. Uko kazini au umelala?"

"Niko kazini, mama. Leo inaendeshwa na mashine."

"Iambie hiyo mashine iache kuchezea swichi. Walikuwa wanasimulia kesi ya shamba, hakimu anataka kutoa hukumu, kimya. Mpaka sasa sijui nani kachukua shamba."

"Wanaijaribu, mama. Ikifaulu wanatuondoa."

"Wamesema hivyo?"

"Wamesema hawajaamua."

"Akufukuzaye hakuambii toka," mama yake akasema. "Umekula lakini?"

Alidanganya kwamba amekula.

Saa tano meneja aliingia bila kubisha, simu mbili mkononi, zote zinaita. Alikuwa na miaka kumi kituoni na ukutani kwake kulikuwa na vyeti tisa vya Kituo Bora. Alimpita mhandisi akaenda kusimama mbele ya Mama Mita.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, bosi. Muulize kijana, tuko wote tangu asubuhi."

"Miaka tisa mtambo huu haujapata hitilafu hata moja. Inakuja mashine ya kuwapunguzia kazi, siku hiyohiyo mtambo unaanza kuugua. Mimi ni mtoto?"

"Bosi, wewe unajua..."

"Najua nini?" Akamkazia macho mpaka akanyamaza. "Nikikuta mkono wa mtu hapa, hiyo ni hujuma. Na hujuma haina barua ya onyo, ina polisi."

Alipotoka, mtambo ukazimwa kwa mara ya sita.

Ndani ya lile kabati kulikuwa na taa ya kioo kubwa kama ndoo, ambayo ndiyo iliyosukuma sauti hewani. Mafundi waliiita Bibi. Ilikuwa imezeeka, na taa ya akiba waliyoiomba mara tatu haikuwahi kuja. Bibi hakuogopa kazi. Angefanya kazi mwezi mzima bila kupumzika. Alichoogopa ni kuamshwa. Kila alipowashwa, umeme mkubwa ulimpiga kwa mkupuo, na kila pigo lilimpunguzia siku. Ndiyo maana mafundi walizima mtambo mara moja tu kwa mwezi, taratibu, wawili wawili, na mmoja wao alikuwa lazima awe Mama Mita.

Mtambo ulipowashwa safari ya saba, Mama Mita alisikia mlio ambao mhandisi hakuusikia, mwembamba, wa kioo kinacholalamika. Akatoka nje, akazunguka jengo, akazunguka tena. Hesabu ilikuwa nyepesi. Akinyamaza, kisanduku kitauzima na kuuwasha mtambo mpaka jioni, jaribio litaanguka, na kazi za watu sita zitapona. Hakutakiwa kuharibu chochote. Alitakiwa kukaa kimya tu, jambo ambalo bosi mwenyewe alimwagiza. Lakini Bibi asingefika jioni. Na Bibi akifa, watu wa nusu ya nchi wataamka na redio bubu, na hapo hakuna wa kuokoa kazi ya mtu yeyote. Alimkasirikia mhandisi, akamkasirikia bosi, mwisho akajikasirikia mwenyewe kwa kuujali mtambo ambao haukuwahi kumwuliza hali.

Alirudi ndani kwa haraka. "Kizime."

"Nini, mama?"

"Hicho kisanduku. Kizime, utaniulia mtambo."

Mhandisi alimtazama, kisha akabonyeza kitu. Kitaa cha kijani kikazimika. Akamgeuzia kompyuta.

"Naomba nikuulize, na bosi hayupo. Mimi kisanduku hiki nimekifundisha kwa madaftari yenu ya zamu. Miaka tisa, kila saa. Tazama. Nguvu, kumi. Kumi. Kumi. Siku ya mvua, kumi. Alasiri umeme wa mji mzima umechoka, kumi. Kwa hiyo kinajua kumi tu. Kikiona nane na nusu kinadhani mtambo unakufa." Akashusha sauti. "Mlikuwa mnazisoma hizi mita, au mlikuwa mnanakili?"

"Tulikuwa tunazisoma," Mama Mita akasema. "Tukimaliza kusoma, tunaandika kumi."

Akamweleza. Zamani waliandika walichokiona. Alipokuja bosi huyu, ikatoka kanuni: namba yoyote isiyo ya kawaida ijaziwe Fomu ya Hitilafu, nakala tatu, meneja asaini siku hiyohiyo. Kila fomu ilikipunguzia kituo alama, na aliyeijaza alipewa barua ya kujieleza. Fundi mmoja waliyemwita Koplo alijaza kumi na moja kwa mwezi mmoja. Akahamishiwa stoo kuhesabu balbu. Baada ya Koplo, mtambo ukapona. Kila Ijumaa bosi alisaini chini ya kila ukurasa wa kumi, kumi, kumi, na mwaka ukiisha anapokea cheti.

"Sasa mliwezaje kuuendesha?"

Alivuta droo ya chini akatoa daftari la shule la mistari, jalada limebanwa kwa gundi ya karatasi. Mafundi walirithishana, likijaa wananunua jingine. Haya mengine yalikuwa chini yake. Mhandisi akasoma kwa sauti: "Bibi kaamka na homa, mpeni feni ya pili. Umeme wa alasiri mchovu, nane na nusu, msiogope. Mita ya kumi na nne mwongo, ipigeni kofi." Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Hii ndiyo niliyoihitaji tangu mwezi wa kwanza," alisema.

"Hukuuliza."

"Niliambiwa nisiwasumbue." Akasugua macho. "Na mimi mkataba wangu unaisha kikianza kufanya kazi, mama. Siwezi kukuficha."

Walifanya kazi pamoja mpaka saa tisa, yeye anasoma na kufafanua, kijana anaandika. Kisha wakauwasha mtambo taratibu, kwa mikono yao wawili, wakakiwasha kisanduku, nacho kikauachia uende. Nane na nusu. Kitaa cha kijani hakikutingishika. Mama Mita alifurahi, furaha ya kweli ya fundi aliyepatia, na ilimchukua kama dakika nzima kukumbuka alichokuwa amekifanya.

Saa kumi karani wa bosi akaja kumwita. Aliingia ofisini na lile daftari la shule kwapani. Juu ya meza palikuwa na bahasha sita, moja ina jina lake.

"Nimeambiwa jaribio limekaa sawa," bosi alisema, sauti yake sasa laini. "Yale ya asubuhi tusiyarefushe. Soma, usaini hapo chini, mafao yako yatashughulikiwa."

Akasoma. Barua ilikuwa na tarehe ya wiki mbili nyuma.

"Na kama kisanduku kingeshindwa leo?"

"Kingerekebishwa. Hizi ni taratibu tu."

Akaendelea kusoma. Aya ya pili ilisema: *Kwa kuwa kumbukumbu za kituo zinaonyesha kwamba mtambo haujapata hitilafu yoyote kwa miaka tisa mfululizo, uongozi umejiridhisha kwamba hauna uhitaji wa mafundi wa zamu.* Aliirudia aya ile mara ya pili, pole pole, midomo ikitembea. Hawakuwa wamefukuzwa na kisanduku. Walikuwa wamefukuzwa na ile kumi, iliyoandikwa kwa mwandiko wao wenyewe.

"Kalamu hiyo hapo," bosi akasema.

"Naomba fomu za hitilafu, bosi."

"Za nini sasa?"

"Nina hitilafu ambazo sikuziandika."

"Ngapi?"

Mama Mita akafungua daftari ukurasa wa kwanza. Fomu zilikuwa kwenye rafu nyuma ya bosi, bunda jipya ambalo halijakatwa uzi. Alipoona hainuki, alizunguka meza akazichukua mwenyewe, akakata uzi kwa meno.

"Ofisi inafungwa saa kumi na moja," bosi alisema.

"Sawa."

Akaandika tarehe, saa, mita, nguvu iliyosomwa, jina la fundi aliyekuwa zamu. Lake mwenyewe. Nakala tatu. Kisha akaisukuma fomu upande wa pili wa meza, mahali palipoandikwa *Saini ya Meneja*, na kalamu akaiweka juu yake.

Bosi hakuigusa. Mama Mita akatoa kalamu yake mkobani, akaanza ya pili.