Hodi ya Teleksi

Bi harusi Shekha amekwisha kupakwa hina, pilau imefunikwa, na watu wa bwana harusi, waliotoka Mambrui, wamejaa barazani kwa ami yake Bwanamkuu. Ila baba mtu, Mbaruk, yuko Maskati kikazi, na sheikh amesema wazi: bila neno la baba la kumpa ndugu yake uwakili wa kuoza, hafungishi ndoa, na ikiadhiniwa alasiri, anakwenda zake. Simu zilikatika tangu mvua ya juzi. Imebaki teleksi ya hoteli, mashine ya kuchapa ujumbe hadi ng'ambo kwa laini yake yenyewe, na mwenye kazi ya kuitumia ni Mastura, shangazi wa bi harusi.

Basi Mastura alikuwa amejifungia chumbani mwa teleksi hotelini, jasho likimtoka kama anayesonga bokoboko la watu mia. Mashine ile mpya ilijua kupiga yenyewe: waiambia irudie mara ngapi, ipumzike kiasi gani, na ikate tamaa lini. Fundi aliipangia ipige mara tatu, ipumzike robo saa kila mara, kisha iache. Asubuhi ilipiga Maskati, ikakuta laini ina mtu, mwisho ikautupa ujumbe wake kama ganda la ndizi. Mastura akaona huo ni uvivu wa kiofisi. Saa nne akaibadilisha: ipige bila kupumzika, wala isikate tamaa. Tangu hapo inapiga, inakuta laini ina mtu, inapiga.

Adhuhuri ikapita. Akaletewa habari kwamba Bi Khamisa, mama wa bwana harusi, ameuliza, kwa ule mnong'ono wake unaosikika nyumba ya saba, kama bi harusi ana baba au aliokotwa. Shekha amejifungia, analia, wanja wote umeshuka mashavuni.

Mara mlango ukagongwa. Ni Kazungu wa mapokezi. Hodi, hodi, hodi. Kila Mastura akifungua kinywa aseme karibu, hodi nyingine inamziba.

"We Kazungu! Mtu hupiga hodi akanyamaza, wa ndani apate kujibu."

Kazungu akasema kwa unyonge kwamba ametumwa: watu wa Mambrui wanatafuta viatu vyao.

Mastura alikuwa akiitazama mashine. Laini ya hoteli ni moja: ikiwa yapiga nje, wa nje hapati kuingia. Na kakake Mbaruk hakuumbiwa subira. Yawezekana naye anagonga vivyo hivyo, kila mmoja kasimama mlangoni kwa mwenziwe, na nyumba zote mbili hazina mtu. Akaikomesha isipige tena. Chumba kikanyamaza.

Punde mashine ikatetemeka, ikachapa: NIMEMPA BWANAMKUU UWAKILI AMWOZE SHEKHA KWA SEIF. NAPIGA TANGU SAA NNE. MWASEMA NA NANI SIKU NZIMA. MBARUK.

Akaitwaa karatasi, buibui begani, mbio. Akamkuta sheikh kizingitini kwa Bwanamkuu, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi. Sheikh akaisoma, akakivua kile kimoja, akarudi ndani, Seif nyuma yake.

Bi Khamisa peke yake alibaki garini, mkoba mapajani, uso mbele, kioo kimepandishwa. Mastura akamfuata. Akagonga mara moja, akanyamaza, akangoja.