Mdomo wa Kaka

Sijaona ndiye aliyemlea mdogo wake Silvesta mama yao alipofariki, na jasho lake katika shamba la mihogo pale Mkunya ndilo lililomfikisha kijana shule ya serikali ya Mjerumani, Lindi. Kila akirudi likizo alimchekesha dada yake mekoni. Alisema Mjerumani hana "yeye" ya watu wote. Er ni mwanamume, sie ni mwanamke, lazima achague.

"Hata mwezi kwao ni dume, dada."

"Na jua?"

"Jike."

"Angalau hapo wamepatia!" Wakacheka mpaka ugali ukaungua.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, Mjerumani alikuja kuuliza kila shamba ni la nani. La Mkunya lilikuwa la Sijaona, kutoka kwa bibi yake na mama yake, na baada yake lingekuwa la bintiye Sikuzani. Ila kwa desturi ardhi ni ya dada, na mdomo mbele ya wageni ni wa kaka. Basi Sijaona akaketi nyuma ya Silvesta, roho kwatu. Nani amwogope mtoto aliyembeba mgongoni?

Silvesta akaanza kumwaga Kijerumani. Sijaona akatega sikio aisikie sie: ya bibi, ya mama, yake mwenyewe. Haikuja. Ilikuja er, kisha er tena. Er gani? Baba yao alihamia kwa mkewe na jembe moja begani, na hakuacha hata tuta!

Askari akatangaza kwa Kiswahili, "Shamba hili ni la Silvesta, amelirithi kwa baba yake. Watoto wake watalirithi."

Watu wakaguna. Silvesta akainamisha macho, lakini hakukanusha. Sijaona alitaka kupiga kelele, lakini mdomo mbele ya wageni ulikuwa wa kaka. Angeibiwa na Mjerumani angelia tu kama wenzake. Huyu alikula mkononi mwake.

Jioni Silvesta akaja nyumbani. Siku zote aliinama mlangoni akamwamkia dada yake. Leo alisimama wima, hakuamkia.

Sijaona akapiga magoti mbele ya mtoto wake wa kulea.

"Shikamoo, baba."

Akangoja kijana aone haya, amshike mkono, amwinue.

"Marahaba," akajibu Silvesta.