Ukarimu wa Kampuni ya Taka

Barua ilifika Jumatatu asubuhi, na kufikia saa nne mama mkwe alikuwa ameshaisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ya kuhutubia. Ilikuwa imeandikiwa fundi kufuli, mkwe wake. Lakini yule mama alikuwa amekuja kumtembelea binti yake, na barua ikishawekwa mezani mbele yake haina siri tena.

Ilitoka kwenye karakana ya kutengeneza viti vya magurudumu. Ilimshukuru fundi kwa kuchangia kila mwezi, miaka mitatu mfululizo, bila kukosa hata mara moja. Jumamosi ingekuwa na hafla ndogo. Fundi angeitwa mbele, apewe cheti, apigiwe makofi.

Mnisamehe, lazima niwaambie huyu fundi ni mtu wa namna gani. Mbaya si mbaya. Ila ana mkono wa birika, na hakuanza jana. Skrubu zilizopinda huzinyoosha kwa nyundo na kuzirudisha koponi. Akitoka chumbani kwenda kunywa maji huzima taa, hata kama mkewe yumo ndani anasoma. Mwaka wa kwanza wa ndoa mama mkwe alimbandika jina la Birika, na ukoo mzima ukalipokea kwa mikono miwili. Sasa ni miaka kumi na moja shemeji zake wanamwita hivyo, naye hucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Basi mama yule yule akavua miwani, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu," alisema, neno ambalo hakuwahi kumwita hata kwa bahati mbaya. "Kumbe unatoa kimya kimya, na sisi huku tunakusema. Nisamehe. Jumamosi nakwenda na wewe. Nitakaa mbele kabisa."

Fundi alifungua mdomo aseme kwamba hajawahi kutoa hata senti moja kwa kiti chochote chenye magurudumu. Lakini lile neno lilikuwa tamu, na mdomo ukajifunga. Hapo ndipo alipojiponza.

Chini ya barua paliandikwa kwamba mchango wake ulipitia malipo ya kuzolewa taka. Kesho yake fundi alifunga duka mapema akaenda ofisi ya kampuni ya taka. Binti wa dirishani alimtafuta kwenye kompyuta, akampata.

"Miaka mitatu iliyopita tuliwatumia wateja wote ujumbe, baba. Tulisema tunaongeza mchango kidogo kwenye malipo ya kila mwezi, na asiyetaka ajibu hapana. Wewe hukujibu."

"Kwa hiyo kunyamaza kwangu mkakuita kukubali?"

"Ndiyo utaratibu, baba," alisema binti, macho kwenye vidole vyake.

Fundi hufuta ujumbe wa kampuni zote bila kuusoma, kwa imani kwamba wote wanataka hela yake. Safari hii imani ilikuwa sahihi ila dawa yake ya kufuta ndiyo ilikuwa mbaya. Mtu anayefungua milango ya watu kwa vijiwaya viwili, na mfuko wake mwenyewe ukafunguliwa miaka mitatu asisikie hata mlio! Hasira zilimpanda. Kisha zikashuka, maana kilichokatwa ni bei ya mkate mmoja kwa mwezi, na yeye hakuwahi kukosa mkate. Alijaza fomu ya kujitoa hata hivyo. Binti akagonga muhuri.

"Na ile hafla?" aliuliza fundi.

"Orodha imeshachapwa. Unaweza kwenda tu, baba, hakuna atakayeuliza."

Laiti asingemwambia hivyo. Njia nzima fundi alijiona amesimama mbele na cheti mkononi, mama mkwe akimpigia makofi.

Mkewe alipoelezwa alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Na mimi nilishangaa! Nikajiuliza, hivi nimeolewa na nani?" Kisha akafuta macho, akawa mtu mzima. "Ila mama umwambie mwenyewe. Ameshawatangazia rafiki zake. Ameshashona na nguo."

Jumatano fundi alichonga funguo mbili zisizofungua kitu. Alhamisi alasiri alipiga moyo konde akaenda kwa mama mkwe. Alimkuta anapiga pasi nguo mpya, ya buluu, yenye vifungo vingi kuliko haja. Hakukubali kukaa. Aliogopa akikaa atanyamaza tena.

"Mama, mimi sikutoa. Ni kampuni ya taka ilikuwa inakata, mimi sijui. Na nilipojua nimekwenda kujitoa. Jumamosi siendi."

Mama mkwe alisimamisha pasi. Fundi akasubiri. Ulimi wa mama huyu ni wembe, na safari hii alijua amestahili kukatwa.

"Umejitoa lini?" aliuliza mama.

"Juzi."

"Mimi nilijitoa siku ile ile ujumbe ulipoingia."

Fundi alidhani amesikia vibaya.

"Mvua inanyesha, nami huyo, mbio mpaka ofisini kwao," aliendelea mama, macho kwenye vifungo. "Nikamwambia yule wa dirishani sina uwezo. Na mkononi nimeshika mfuko wa mapazia mapya! Ulidhani siku ile ya barua nilikuwa nalia kwa furaha? Nililia kwa aibu. Nilisema, hata huyu? Hata huyu ametoa, mimi ndiyo nimekimbilia kujitoa? Tangu Jumatatu silali. Nakaaje mbele ya vile viti, mimi?"

Walitazamana. Fundi ndiye aliyeanza, kwa mkoromo mdogo wa puani aliojaribu kuuzuia, na mama mkwe akafuatia. Walicheka mpaka fundi akashikilia ukuta, mpaka mama akaizima pasi asije akaunguza nyumba. Fundi alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia la saruji. Na mama pia, ilionekana mabegani mwake.

"Binti yangu asijue," alisema mama alipopata pumzi. "Nimemlea kwa mahubiri ya kutoa, yule."

"Hatajua, mama."

Nyumbani mkewe alimngoja mlangoni, uso wa huruma.

"Amekusema sana?"

"Sana," alisema fundi, na akajitahidi kuinamisha kichwa. "Lakini nilistahili."

Mkewe alimshika mkono akampa pole. Fundi aliipokea pole ile yote, nusu yake na nusu ya mama mkwe.