Jicho la Jeruto Halitoki

Jani la hindi lilimchapa Jeruto jichoni siku ya tatu ya mavuno, katika shamba moja nje ya Kitale. Alilifikicha kwa pindo la leso, akaendelea kuvunja mahindi. Kabla wiki haijaisha jicho lilikuwa jekundu kama pilipili, na doa jeupe likaota katikati. Matone aliyouziwa dukani yalimtuliza siku mbili tu, kisha doa likatanuka.

Hospitalini Kitale walimwambia ni kuvu, jamii ya ule ukungu unaoozesha mahindi. Wakampa dawa ya matone. Aliitia wiki tatu bila kuruka hata siku moja. Aliporudi, daktari alimulika jicho, akaguna, akamsogezea karatasi.

"Dawa imeshindwa, mama. Ijumaa tulitoe kabla halijapasuka. Weka sahihi hapa."

"Lakini bado naona mwangaza."

"Mwangaza tu."

"Hata huo mwangaza ni wangu." Jeruto aliirudisha karatasi upande wa pili wa meza. "Hili jicho halitoki."

Everlyne, mdogo wake aliyeolewa Kanduyi, Bungoma, ambaye alikuwa amemsindikiza, alimvuta mkono. "Dada, usibishane na daktari."

"Sijabishana. Nimekataa."

Kesho yake Everlyne alimpeleka Bungoma kwa Jotham, tabibu wa macho waliyesali naye kanisa moja. Jotham alilitia jicho ganzi, akakwangua kidogo lile doa, akakiweka kile alichokitoa chini ya hadubini. Kisha akamwita Jeruto aangalie kwa jicho lake zima. Jeruto aliona nyuzi zimesokotana kama mizizi.

"Hii kuvu haijakaa ovyo, mama," Jotham alisema. "Imejijengea utando, imejificha ndani. Dawa yako haikuwa mbaya, ni vile ilikuwa inateleza juu. Ni kama kunyunyizia mahindi dawa na bado iko chini ya turubai."

"Si basi utoe hiyo turubai?"

Jotham alicheka. "Ndiyo nataka kufanya. Nitakwangua utando, halafu tutatia dawa mbili pamoja. Moja ilegeze ile imebaki, ingine iingie iue. Moja peke yake haitoshi. Lakini sikudanganyi: nikiona jicho inataka kupasuka, hata mimi nitasema itoke."

"Ukifika hapo, utaniambia. Bado hatujafika."

Jotham alimpigia simu daktari bingwa anayemsimamia, wakazungumza kwa kirefu, kisha kazi ikaanza. Tone la kwanza, dakika tano, tone la pili. Kila saa, mchana na usiku. Dawa ile ya pili iliwasha kama kitunguu. Jeruto, aliyekuwa akilala kwa Everlyne, alishika ukingo wa kitanda, akauma meno, akafungua jicho tena.

Siku ya sita maumivu yalizidi. Jirani mmoja aliyekuja kumjulia hali alitikisa kichwa. "Hiyo jicho imekufa, bana. Mnaizika pole pole."

"Basi nitaizika mwenyewe," Jeruto alimjibu. "Wewe usijisumbue kuleta jembe." Akamgeukia Everlyne. "Saa imefika. Tia."

Jotham alikwangua mara ya pili, kisha mara ya tatu. Siku ya tisa kingo za doa zilianza kunywea. Mwisho wa mwezi wa pili kidonda kilikuwa kimefunga. Kovu lilibaki, na tundu la sindano Jeruto hakuliona tena kwa jicho lile. Lakini Jotham aliposimama mlangoni na kuinua mkono, Jeruto alihesabu vidole vyote.

Hakurudi shambani moja kwa moja. Alikwenda Kitale na barua ya Jotham, akaingia kwa yule daktari, akaivua miwani yake myeusi. Daktari alimulika jicho, akasogea karibu, akalimulika tena.

"Ulitumia dawa gani?"

"Mbili, pamoja. Na utando ukakwanguliwa. Zote zimeandikwa kwa hii barua, na namba ya simu ya Jotham."

"Nitaisoma."

"Huko nje kwa benchi kuna mzee jicho lake ni jeupe kama langu lilivyokuwa. Ameniambia amepewa Ijumaa." Jeruto alivuta kiti, akaketi. "Piga simu sasa, daktari, nikisikia. Mimi siondoki."

Daktari alimtazama, akatazama mlango. Kisha akachukua simu yake, akaanza kubonyeza namba.