Jumanne za Kordell

Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yangu ilikuwa kuwapangia masomo wachezaji wa mpira katika Chuo cha Tarrant Bluff, jimboni Mississippi. Mpira ninaousema ni huu wetu wa kofia ngumu, unaobebwa mikononi zaidi ya kupigwa teke. Mshahara wangu ulitoka idara ya michezo, si kitivo chochote, na idara ilikuwa na amri moja: mchezaji asiwe na kipindi baada ya saa saba mchana, kwa sababu saa nane mazoezi yanaanza.

Ukiiweka amri hiyo juu ya ratiba ya chuo, uhandisi unaondoka, uuguzi unaondoka, kemia inaondoka, na kinachobaki ni Masomo ya Jumla. Huko vipindi vyote vilikuwa asubuhi na walimu walikuwa na mkono mwepesi wa alama. Katika wachezaji themanini na watano, sabini walikuwa huko. Wenyewe walipaita Chuo cha Bi Verlene, nami nikacheka pamoja nao. Niliwapenda vijana wale. Niliwapigia simu mama zao, niliwaokea pai ya viazi vitamu, na niliyemkuta anasinzia maktaba nilimvuta sikio hata kama ilinibidi kupanda kwenye kiti. Sikuona kwamba nawakosea.

Kordell Pruitt alikuja ofisini kwangu wiki yake ya kwanza chuoni. Aliinama kupita mlangoni, kisha akabaki amesimama.

"Kaa, mwanangu."

"Kitavunjika, Bi Verlene."

"Kimeshabeba wakubwa kuliko wewe."

"Basi hao ndio waliokilegeza."

Alilelewa na bibi yake, Bi Ozella, aliyekuwa akilima soya na mahindi kwenye ekari arobaini. Uwanjani kazi ya Kordell ilikuwa kusimama kama ukuta mbele ya mrushaji wetu wa mpira ili asiangushwe, na kazi hiyo aliijua vizuri kuliko kijana yeyote wa rika lake. Nilipomuuliza anataka kusoma nini, hakusita.

"Udongo."

"Udongo huu huu?"

"Huu huu, mama. Shamba letu lina kipande cha chini, mvua ikinyesha maji yanasimama wiki nzima na soya inageuka njano. Bibi anasema ni laana ya mjomba wake. Mimi nadhani kuna sababu nyingine."

Ratiba ilikuwa ukutani nyuma yangu. Sayansi ya udongo ilidai mafunzo ya shambani kila Jumanne, saa nane hadi saa kumi na moja, miaka yote. Nikamwambia aanze na Masomo ya Jumla, halafu mwaka wa pili tutaona. Nilijua mwaka wa pili hakutakuwa na cha kuona. Akasaini, akanishukuru, akainama tena mlangoni.

Oktoba ya mwaka wa pili nikapigiwa simu na Profesa Wendell Oakes wa udongo.

"Wewe ndiye Bi Hatcher wa michezo?"

"Ndiye mimi."

"Kuna mlima umekaa nyuma ya darasa langu la asubuhi tangu Agosti. Haumo kwenye orodha yangu, lakini unauliza maswali mazuri kuliko waliomo. Nimeuuliza kwa nini haujajiandikisha, ukasema ratiba. Nikauliza, ratiba ya nani? Ukaanza kufunga daftari. Ni mlima wenye adabu, haukutaka kukutaja."

Profesa Oakes hakuwa rafiki wa idara yetu. Alikuwa na shamba la majaribio ambako alipima udongo uleule kwa miaka kumi na tisa, kisha chuo kikalimwagia lami ili watu wapate pa kuegesha magari siku za mechi. Tangu hapo hakuwahi kukanyaga uwanjani. Nikamwomba, kwa sauti yangu ya kanisani, kama angeweza kuhamishia mafunzo yale asubuhi.

"Niliwaachia shamba zima, Bi Hatcher," alisema. "Jumanne yangu siwapi."

Nikakata simu nikiwa nimemkasirikia yeye. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini wiki ileile gurudumu la gari langu lilipasuka, nikaingia gereji moja mjini, na aliyetoka kunihudumia alikuwa Dontrell Sykes. Alituchezea miaka minne, na mimi ndiye niliyempangia kila kipindi alichosoma. Alinikumbatia na grisi yake yote.

"Bi Verlene, nina swali, lakini usikasirike. Juzi niliomba kazi ya usimamizi ghalani. Yule mama aliyenihoji akatazama shahada yangu akaniuliza, Masomo ya Jumla mlisoma nini hasa? Nikamwambia nitampigia simu. Tulisoma nini?"

Hakuwa na kinyongo. Aliniuliza kama unavyomuuliza mtu aliyekuwepo. Nikafungua mdomo, nikataja somo la historia ya sinema, na baada ya hapo sikupata lingine.

"Usijali, mama," akasema. "Ilikuwa miaka mizuri." Akanikagulia na yale magurudumu mengine matatu.

Kesho yake nikamwita Kordell. Nikamwambia kwamba siku ile ya kwanza nilimdanganya.

"Nilijua," alisema. "Ratiba ilikuwa juu ya kichwa chako. Nilikuwa naisoma."

"Na mbona ulinishukuru?"

"Ulikuwa umechoka, Bi Verlene. Nikaona nisikuongezee."

Nilichukua fomu ya kuhama masomo nikaipeleka kwa bosi wangu, Brent Askew, naibu mkurugenzi wa michezo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Jumamosi, siku ya mechi, na kila siku nyingine aliihesabu kwa jinsi inavyoihudumia Jumamosi.

"Verlene, huyu ni wa kikosi cha kwanza. Ukimfungulia mmoja mlango, kesho watakuja ishirini."

"Na mimi hicho ndicho kinachoniogopesha," nikamwambia. "Kwamba walikuwa ishirini miaka yote."

Akasema kocha akisaini, yeye atasaini. Alidhani amelimaliza.

Kocha Dale Rusk nilimkuta ofisini kwake anakula kambare wa kukaanga. Akaisoma fomu akiwa bado anatafuna.

"Jumanne?"

"Jumanne."

"Bi Verlene, Jumanne ndipo tunapanga mchezo mzima. Ungeniomba Jumatatu ningekupa na soda juu yake." Akamwita Kordell. Kijana akaja, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nani amekujaza kichwani habari za udongo?"

"Hakuna, kocha. Nilikuja nazo kutoka nyumbani."

"Unajua ukikosa Jumanne siwezi kukuanzisha Jumamosi. Si adhabu. Hutajua wenzako wanaelekea wapi, na mtu atavunjika mguu."

"Najua. Mpe Hollis nafasi yangu. Ana miguu myepesi kuliko mimi, ila anachomoka kabla ya ishara. Nimemwambia asitazame mpira, asikilize sauti ya mrushaji. Ameanza kuelewa."

"Umemwambia lini?"

"Tangu juma lililopita."

Kocha akaweka uma chini. "Nimefundisha miaka thelathini," akasema. "Wameniacha kwa sababu ya timu kubwa, wameniacha kwa sababu ya wasichana, mmoja aliniacha kwa sababu ya farasi. Sijawahi kuachwa kwa sababu ya tope."

"Sikuachi, kocha. Nakosa Jumanne tu."

Akamtazama sana. Kisha akasaini, na fomu ikarudi kwangu na alama ya kidole chenye mafuta, ambayo hadi leo iko kwenye faili za chuo.

Msimu uliofuata Hollis akaanza na Kordell akakaa benchi. Mjini watu walinuna. Hata mchungaji wangu aliniuliza baada ya ibada, kwa upole wake, kama ni kweli mimi ndiye niliyemtoa Pruitt kikosini. Nikamjibu kwamba Pruitt alijitoa mwenyewe, nami nilibeba karatasi tu. Hakuridhika, na Jumapili mbili zilizofuata salamu zake zilikuwa fupi.

Lakini kila Jumanne, mazoezi yakiisha, kocha aliendesha gari hadi shamba la chuo lililobaki, palipofanyika mafunzo, kumweleza Kordell walichofanya mchana ule, ili asipotee kabisa. Wiki ya kwanza alibaki ndani ya gari na Kordell akainama dirishani. Wiki ya nne nilikwenda na karatasi za kusainiwa, nikamkuta kocha amezama hadi kifuani ndani ya shimo la mafunzo, viatu vyake vyeupe vimeshakuwa vyekundu, anabishana na Profesa Oakes.

"Tazama hapa," profesa alisema, akichoma ukuta wa shimo kwa kisu. "Plau imepita kina kilekile miaka hamsini. Chini yake udongo umeshindiliwa, umekuwa sakafu. Maji yataenda wapi?"

"Hivi ndivyo lilivyo shamba la bibi," Kordell alisema polepole.

"Na ndivyo ilivyo kona yangu ya kaskazini uwanjani, isiyokauka," kocha akasema. "Miaka yote nilikuwa nalaumu mabomba."

"Kwa hiyo si laana, Profesa?"

"Si laana. Ni trekta."

Kordell akampigia bibi yake palepale, akaweka sauti juu ili sote tusikie. Bi Ozella alisikiliza maelezo yote hadi mwisho, kisha akasema, "Mwambie huyo profesa kwamba mwenye trekta alikuwa huyohuyo mjomba wangu."

Sijawahi kumwona Wendell Oakes akicheka namna ile. Ilimbidi ashike ngazi ya shimo.

Mechi ya mwisho ya msimu alikuja uwanjani. Alikaa kando yangu na mwavuli, ingawa mbingu ilikuwa safi. Robo ya tatu Hollis aliteguka kifundo, na Kordell akaingia. Profesa akaacha kitabu alichokuwa anakisoma.

"Anafanya nini pale?"

"Anazuia wasimfikie mwenzake."

"Mpira ataugusa saa ngapi?"

"Hataugusa. Wa namna yake hawaugusi."

"Na watu wanajua kama kafanya vizuri?"

"Mrushaji anajua."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jambo la maana. Tulifungwa kwa pointi tatu, lakini mrushaji wetu hakuangushwa hata mara moja tangu Kordell aingie. Oakes hakushangilia. Ila kila tuliposimama alisimama, na alikuwa wa mwisho kukaa.

Januari Askew alinihamisha kutoka mpira, akanipa waogeleaji na wakimbiaji. Siwezi kusema haikuniuma; nilifungasha picha za ukutani peke yangu, mlango umefungwa. Hata hivyo wachezaji wanne walikuwa wameshahama, wawili ujenzi, mmoja uuguzi, mmoja hesabu. Ile amri haikufutwa, bado ipo kwenye karatasi, lakini kocha aliacha kuuliza nani hayupo Jumanne. Dontrell naye nilimtafuta. Nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza alipokuwa na miaka kumi na minane: anapenda nini. Akasema majokofu. Tulipata chuo cha ufundi chenye nafasi, na sasa ndiye anayetengeneza mitambo ya baridi ya hospitali ya wilaya.

Kordell alimaliza mwaka uliofuata, mwezi wa Mei. Joho kubwa kuliko yote lilimfika magotini. Bi Ozella alikuja na kofia ya manyoya ya zambarau, akakaa katikati ya kocha na profesa, akiwakemea wote wawili kwa kunong'ona wakati hotuba zinaendelea. Jina lilipoitwa hakupiga kelele wala hakulia. Alimgeukia kocha akasema, "Huyo ni wangu." Kisha akamgeukia profesa na kumwambia vilevile, asije akadhani vingine.

Nami niliyekaa nyuma yao nilipitisha mkono nikamgusa Bi Ozella begani. Akaushika mkono wangu bila kugeuka, akaushikilia hadi majina yalipofika herufi ya mwisho.