Basi, Shangazi

Walikuwa wameshalipita geti la kinu, na mbele ya duka la mikate watu wamejipanga kama wanaopokea msafara wa harusi, ndipo Mzee Unga akagundua kuwa amesahau kofia yake. Hakurudi. Alijua akigeuka tu safari itaishia hapohapo, maana miguu yake yenyewe ilikuwa inatafuta kisingizio.

Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwepo Shangazi.

Sasa, Shangazi alikuwa farasi. Farasi jike, mwekundu wa udongo wa matofali, paji la uso jeupe, kifua kama mlango wa ghala. Jina alipewa siku ya kwanza alipofungwa kwenye gari la unga. Aligeuza shingo akamtazama kila mtu kwa zamu, kama shangazi aliyeingia nyumbani kwako bila taarifa akakuta vumbi juu ya meza. Mwokaji, aliyekuwa amesimama mlangoni kupokea magunia, akajikuta anafunga vifungo vya shati.

"Huyu si farasi," alisema. "Huyu ni shangazi yangu kabisa. Amebakiza kuniuliza naoa lini."

Jina likaganda.

Mzee Unga naye hakuzaliwa na jina lake. Kazi yake ilikuwa kutoa unga kinuni bondeni na kuupandisha mlimani kwa mwokaji, kila siku ya Mungu, mpaka nyusi zikawa nyeupe kabla uzee haujazifikia. Walimtania kwamba ndiye mtu pekee duniani anayemwaga unga kila siku na hafukuzwi kazi. Safari hii kinu kilikuwa kimenunua lori. Mwenye kinu hakumtupa; alimwambia farasi ni wako, mchukue, mkapumzike wote wawili. Mzee akaamua kumpeleka kwa dada yake nje ya mji, kwenye malisho nyuma ya nyumba, ambako hakuna kilima wala kitu cha kuvuta. Alitaka jambo moja tu: Shangazi apate uzee mzuri.

"Wewe mzee! Unamwiba shangazi yetu unampeleka wapi?" mwokaji alipaza sauti, kikapu cha mikate kwapani.

"Namwoza."

"Bwana harusi ana nini?"

"Ana majani mpaka magotini."

"Basi amepata. Mimi mke wangu alinikuta na baiskeli, tena haina breki."

Watu wakacheka. Shangazi akala mikate kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, iliyoungua akaiacha kwenye kikapu. Mwokaji akamfuta makombo mdomoni kwa kona ya aproni yake, kisha akaingia ndani upesi akaanza kufokea tanuri.

Barabara ya kutoka mjini inashuka mlima uleule walioupandishia unga. Mzee Unga hakuwahi kupita pale bila kuusimulia, na kwa kuwa leo hakuwa na abiria, alimsimulia Shangazi mwenyewe.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo ulipowafanya watu wote wajinga."

Siku hiyo kulikuwa na mvua, na gari limejaa pomoni. Walikuwa wamekaribia kabisa duka la mikate pale ubao wa breki ulipokatika na gari likaanza kurudi nyuma. Kule chini, kwenye bomba la maji, foleni ya watu na ndoo zao, hawana hili wala lile. Farasi mwingine angepiga kelele, angepindisha gari, angeburutwa. Shangazi alijikunja nyuma akachimba kwato barabarani, akaegemeza kifua kwenye mikanda, na gari likasimama. Hakukuwa na jiwe la maana la kuzuia magurudumu. Ikabidi watu washushe magunia, moja baada ya jingine, mabega kwa mabega, mwokaji akiwa mbele na miguu peku. Muda wote huo Shangazi hakusogea hata unywele. Alitetemeka tu, kuanzia nyonga mpaka kwatoni, kama sufuria juu ya jiko kali.

Gunia la mwisho likashuka. Magari mengine yakaja, mawe yakapatikana, magurudumu yakazuiwa, na Shangazi bado ameshikilia. Walimvuta, walimbembeleza, mtu akamwimbia. Wapi! Hakuna aliyeaminiwa. Mpaka Mzee Unga alipoweka paji lake juu ya paji lile jeupe akamwambia, "Basi, Shangazi. Basi." Hapo ndipo aliposhusha pumzi, pumzi ndefu iliyopeperusha unga wote kwenye kola ya mzee, akalegea.

Tangu hapo msemo wa mtaa ukawa ni huu: Shangazi hapumziki watu wakiwa kazini. Na mwaka huu wa mwisho ulipoingia, mzee alipoanza kukuta maranda ya zizini asubuhi yakiwa yametandazwa vilevile alivyoyaacha, hayana hata alama ya ubavu, alijivuna waziwazi. "Farasi wa wenzangu wanagaragara kutwa," aliwaambia watu wa kinuni. "Wangu anasimama kama askari wa gwaride. Halali chini kabisa!" Nao wakatikisa vichwa kwa kumstahi.

Njiani walipumzika kwenye kivuli cha ukuta wa karakana. Kichwa cha Shangazi kikaanza kushuka taratibu, mdomo wa chini ukalegea. Ghafla miguu ya mbele ikakunjika, magoti yakagonga lami, naye akajinyanyua kwa kishindo na kutazama huku na huku, kama mtu aliyesinzia msibani akadhani hakuonekana.

"Pole, Shangazi. Jiwe hilo," alisema mzee.

Hapakuwa na jiwe.

Dada yake alikuwa muuguzi mstaafu, na mpaka leo alikuwa akikuuliza jambo kana kwamba ameshakutia kipimajoto mdomoni, jibu hakulitarajia. Aliwapokea getini, akamkagua kaka yake, akamkagua farasi.

"Umekonda. Yeye hajakonda. Inaonekana nani alikuwa analishwa na nani. Na haya makovu magotini?"

"Anapiga magoti, dada. Anafuata majani chini ya uzio."

"Uzio upi? Zizi lako limezungukwa na ukuta tangu nikujue."

Mzee akayatazama magoti yale upya. Kwa kweli hakuwahi kuuona uzio huo. Aliona makovu, akayatafutia maelezo, maelezo yakamtosha.

Dada hakuendelea. Lakini dirisha la jiko lake lilitazama malishoni, na yeye ni mtu aliyezoea kumwangalia mgonjwa huku anafanya kazi nyingine. Siku moja anakatakata vitunguu, siku nyingine anapiga pasi, jicho halibanduki. Aliona kichwa kikishuka, magoti yakikunjika, mshtuko, na mwanzo tena. Juma likapita. Adhuhuri moja akaweka kisu chini.

"Kaka, huyu hajalala tangu lini?"

"Si nilikwambia! Halali chini, ana nguvu—"

"Nyamaza kwanza. Tulikuwa na mgonjwa wodini, baba mmoja mtu mzima, kitanda hakitaki. Anakaa kwenye kiti wima, siku nenda siku rudi. Jamaa zake wakija wanasifu: mnaona baba alivyo ngangari? Hagusi kitanda! Mimi nikawatazama tu. Yule baba hakuwa ngangari, kaka. Akilala, pumzi hairudi. Alikuwa anaogopa."

"Shangazi haogopi kitu."

"Simsemi vibaya. Mimi mwenyewe namwogopa. Nasema ana sababu."

Mzee alitoka nje akafunga mlango kwa nguvu, akarudi kuufungua kwa sababu alikuwa amebana koti lake. Dada hakucheka. Hapo akajua jambo ni zito.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, binti mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Kabla ya kumgusa Shangazi alisimama mbele yake, mikono nyuma, akasubiri atazamwe kwanza. Mzee akampenda kwa hilo, ingawa alikuwa ameshaamua kumchukia. Binti alipapasa nyonga, akainua mguu wa nyuma, akaurudisha taratibu.

"Shikamoo tena, Shangazi," alimnong'oneza farasi, kisha akamgeukia mzee. "Mzee wangu, farasi anasinzia akiwa amesimama, hilo sote tunalijua. Lakini usingizi wenyewe, ule wa kumpumzisha, lazima ashuke chini. Huyu nyonga zimekwisha. Anajua akishuka hatapanda. Kwa hiyo anajizuia, anajizuia, mpaka usingizi unamwangusha wenyewe. Hayo ndiyo magoti."

"Tangu lini?"

"Wewe ndiye unayejua ameacha lini kulala chini."

Mzee alijua. Alikuwa amekitangazia kinu kizima.

"Nitampa dawa ya maumivu tujaribu," binti aliendelea. "Akilala na kuinuka mwenyewe, nitakuja kucheza ngoma hapahapa. Asipolala, mzee, itafika siku ataanguka mtaroni au juu ya waya, na mtanipigia simu mimi niko mbali. Afadhali siku tuichague sisi."

"Yaani nimuue kwa sababu hana usingizi? Mbona dada yangu hajalala tangu astaafu!"

"Mimi nikichoka najitupa," dada alijibu kutoka dirishani, "na nikishindwa kuinuka nakuita wewe, japo unajifanya husikii. Yeye atamwita nani?"

Walijaribu dawa. Na mzee, ambaye hajui kukaa bila kazi, akaamua kujenga kitanda. Alichukua maranda kwa fundi seremala, gunia baada ya gunia, akayarundika pale malisho yanapoinamia kidogo, ili Shangazi akiinuka mteremko umsaidie. Dada mgongo unamuuma lakini alibeba pia, akilalamika kila hatua kwamba mumewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kutandikiwa hivyo.

Shangazi alikikagua kitanda chake. Alinusa, akaparua kwa kwato, akazunguka, akakunja magoti ya mbele kwa uangalifu wa bibi anayeketi mkekani. Halafu sehemu ya nyuma ikagoma. Akajirudisha juu. Akazunguka tena. Kesho yake vilevile. Mzee alimshangilia kutoka kwenye uzio, "Haya, haya, mama, karibu!" kama watu wanavyomshangilia mtoto anayejifunza kutembea. Kila mara alijirudisha, akasogea pembeni, akaanza kula majani kwa heshima zake zote, kana kwamba hakuwa na haja na kitanda tangu mwanzo.

Dawa ilipokaribia kwisha, alasiri moja, alishuka zaidi kuliko siku zote. Mbele amepiga magoti, nyuma amejikunja nusu, na hapo akabaki, hapandi wala hashuki. Mapaja yakaanza kutetemeka. Kutoka nyonga mpaka kwatoni.

Mzee Unga aliacha kushangilia. Mtetemo ule aliujua. Aliwahi kuusimulia mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Alikuwa akiringa kuwa alikuwepo siku ile mlimani, na kumbe Shangazi hakuwa ameuacha mlima. Alikuwa ameshikilia bado, kwa nyonga zilezile alizozimaliza siku ile na siku zote zilizofuata, na hapakuwa na mtu wa kumwambia magunia yameisha. Mtu huyo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa kwenye uzio anapiga makofi.

Shangazi akajinyanyua, kwa tabu kubwa. Mzee akaenda mpaka jikoni.

"Dada, mpigie daktari."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje mchana, kukiwa na jua. Siku ambayo Shangazi amekula vizuri." Alitafuta mahali pa kuweka mikono, akaiweka kwenye mfuko wa maranda uliobaki pembeni mwa mlango. "Sitaki aanguke, dada. Huyu hajawahi kuanguka."

Dada akamvutia kiti, akamtilia maji, akaenda kupiga simu sebuleni ili kaka yake apate kulia bila hadhira.

Siku hiyo ilikuwa na jua. Mzee alimpiga brashi tangu asubuhi mpaka mwili ukang'aa kama meza ya wageni. Mwokaji alikuja na baiskeli, amevaa shati la kutokea, vifungo vyote vimefungwa. Alileta mikate iliyoiva sawasawa, hakuna hata mmoja ulioungua.

"Leo sikutaka lawama," alimwambia Shangazi.

Akaila yote.

Daktari alieleza polepole: sindano ya kwanza ya usingizi, ya pili ya kumaliza. Walimsimamisha juu ya maranda. Sindano ya kwanza ikaingia. Kichwa kikaanza kushuka, na palepale miguu ikakaza. Shangazi akajizuia, kama kawaida yake. Dawa ilikuwa inamvuta, naye anakataa. Binti alimtazama mzee.

Mzee Unga aliweka paji lake juu ya paji jeupe.

"Basi, Shangazi," alisema. "Basi."

Alishusha pumzi, ndefu, yenye harufu ya mkate. Magoti yakakunjika, na nyuma ikafuata, nzima, bila kutetemeka, na akalala ubavu juu ya maranda, miguu imenyooka, shingo imenyooka, kama mtoto aliyetoka shule. Akaanza kukoroma. Mwokaji, huku machozi yanamtoka, alicheka kwa sauti. Hakuwahi kufikiria kuwa Shangazi anakoroma.

Binti alikuwa na sindano ya pili mkononi. Hakuambiwa na mtu, lakini alichuchumaa pembeni akamwacha alale kidogo kwanza.

Shangazi alizikwa palepale, jirani mwenye trekta alichimba. Lori la kinu lilikatika breki mlimani mwaka uleule, likarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa karakana, na hakuna aliyelisifu. Kofia ya mzee ilikutwa kinuni, akaivaa mlinzi. Mwokaji alifunga duka macho yalipoanza kumsumbua, sasa anaoka mkewe. Binti daktari alihamishiwa wilaya nyingine. Dada alipata ugonjwa wa moyo akawa analala kwenye kiti, na kaka yake ndiye aliyekuwa akimwinua, mpaka dada alipofariki. Mzee Unga anakaa kwenye nyumba ile. Hakufuga farasi mwingine. Maranda yalimwagwa bustanini.