Buluu Hafifu

Usiku wa kuamkia leo niliota nazifanyia mashine usaili. Zilikuwa mbili, zimekaa kwenye benchi la korido ya maabara yetu ya chanjo za mifugo, kila moja imeshika bahasha ya vyeti.

Sikushangaa. Dokta Kihwelo, mkuu wa maabara, alikuwa amenipa hadi asubuhi nichague moja tu ya kununua: inkubeta mpya ya kukuzia seli, au mashine ya kuhesabu seli zilizo hai na zilizokufa. Kazi hiyo ya kuhesabu naifanya mimi, kwa hadubini na jicho langu, mwaka wa kumi na mbili huu. Mashine ikija, jicho langu likae wapi?

Inkubeta inaingia kwanza, imejifunga shali.

"Ukinifungua mlango ovyo, nanuna," inasema. "Nyuzi thelathini na saba, basi. Sitaki mazoea."

"Umepata kazi."

"Hujaniuliza swali hata moja!"

"Huwezi kuhesabu. Inatosha."

Mashine ya kuhesabu ikacheka huko huko nje. "Dada Mwavita, mwambie na ile sababu nyingine. Mwambie habari za Nsajigwa."

Nsajigwa alihamia kwetu mwezi wa tatu. Seli zake zinanawiri kama zimetoka kula pilau ya harusi. Zangu zinakufa kwa kuangaliwa tu. Hata mama wa chai humpa yeye kikombe chenye kisahani. Mimi hunipa chenye pengo.

"Anakuza seli vizuri," nikasema. "Nani kakataa?"

"Wewe. Kila Ijumaa, ukizihesabu."

Mara korido ikawa kioo. Nimesimama ndani ya kile kioo changu cha kuhesabia, chenye miraba iliyochorwa, nacho kimekuwa kikubwa kama uwanja wa mpira. Seli za Nsajigwa zimepanga foleni, nene, zinang'aa, na ndoo ya rangi ya buluu inapitishwa. Sheria ni ileile ya kazini: iliyokufa huinywa rangi, iliyo hai huikataa.

"Karibu rangi."

"Ahsante, nimeshiba," zinasema moja moja.

Ya mwisho imepauka kibuluu. Inanikazia macho.

"Unanikumbuka? Ijumaa iliyopita. Ulisita, ukachungulia jina kwenye chupa, ukaniandika marehemu."

"Ulikuwa umekaa kimarehemu."

"Nilikuwa nimechoka! Tulizikwa sitini na mbili siku hiyo. Na za kwako zenye rangi kama yangu, uliziandikaje?"

Nikakohoa. "Zinapumzika."

Ndoo ikanifikia. Nikasema nimeshiba, tena kwa adabu, lakini vidole vikaanza kunywa vyenyewe. Buluu ikapanda kiganjani, ikafika kwenye kiwiko.

Juu angani likafunguka jicho moja kubwa. Nsajigwa, kwenye hadubini yangu! Mikononi ana vihesabio vyangu viwili, vile vya kubonyeza kwa dole gumba: kimoja cha walio hai, na kile nilichokizungushia plasta ya buluu, cha waliokufa.

Nikaanza kujisogeza pole pole upande wa kulia.

"Dada, usisimame kwenye mstari wa kulia," akasema, kwa upole wake uleule unaoniudhi. "Wa huko hawahesabiwi."

"Ndiyo maana naenda!"

"Rudi, dada yangu. Nikuone vizuri."

Nikarudi. Ningefanyaje, na mkono umeshakuwa kama kalamu iliyovuja? Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama seli yake yoyote.

"Buluu hafifu," akasema. Hakuchungulia jina. Dole gumba likainuka, sikuona ni la mkono upi.

Nikaamka.

Koti la maabara lilikuwa limening'inia mlangoni. Jana nilikuja nalo nilifue. Vihesabio vyangu vimo mfukoni, na nilivirudisha vyote kwenye sifuri kabla ya kutoka kazini, kama kila siku. Nikavitoa.

Chenye plasta kinasoma sifuri.

Kile kingine kinasoma moja.

Nikachukua fomu ya manunuzi ya Dokta Kihwelo, niliyoijaza kabla ya kulala, nikalikata neno "inkubeta" kwa mistari miwili, nikaandika ile mashine inayocheka. Zile sitini na mbili nitazisema mwenyewe, mbele ya Dokta. Ila kile kikombe chenye kisahani, bado nakitaka.